Jiko la choma ndani ya deki ya mbao, Lang'ata: kazi ya kwanza nyota 1, ya pili nyota 4

Naandika hii rivyu nikiwa nimekaa juu ya ile ile deki, na naiandika ndefu makusudi kwa sababu siku hizi kila mtu huku Nairobi mwenye kauwanja nyuma ya nyumba anataka deki ya mbao, ile sakafu ya kukalia nje, na jiko la nyama choma limejengewa ndani yake, si kuwekwa juu tu, kujengewa ndani kabisa, na mimi nilikuwa mmoja wao na karibu nichomee watoto wangu ndani ya nyumba. Hii kazi moja nimelipia mara mbili. Wa kwanza ni kakampuni fulani nilikapata mtandaoni, sitakataja jina. Wa pili ni mzee mmoja wa mawe na matofali ambaye jirani alinionyesha.

Nianze na hao wa kwanza na nianze na mazuri yao, haki ni haki. Walikuja siku waliyosema, saa mbili asubuhi wako kwa geti na mbao zao, siku tano wakawa wamemaliza, na wakafagia. Deki ni mita 5 kwa 4, mbao za paini zilizopigwa dawa, na kwa sababu uwanja wetu umeinama kidogo imeinuka toka chini kama urefu wa goti. Hakuna msumari umetokeza, hakuna mbao inalialia ukikanyaga, mamangu alikuja kutoka Machakos akapitisha mkono pale pembeni akasema hawa watu wanajua randa. Kwa deki peke yake ningewapa nyota nne bila kufikiria.

Halafu ndio jiko. Waliliweka kwa kona karibu na mlango wa jikoni, sanduku la matofali mekundu limefika kiunoni, juu kuna sehemu ya makaa na wavu, chini kuna kabati ya mtungi wa gesi, na juu yake pagola, yaani fremu ya mbao ya kivuli, imefunikwa na shedi neti. Kwa macho ilikuwa kama ya hoteli. Zote pamoja 265,000, deposite nusu, na sikulalamika bei.

Shida ni kwamba hilo jiko lilikalia mbao. Nilikuwa nyumbani siku hiyo na niliona kwa macho yangu, walitandaza naironi juu ya mbao za deki, wakamwaga mota kama inchi moja, wakalaza tofali safu moja, halafu juu ya tofali wakaweka treya ya chuma ya makaa. Nikauliza, "Fundi, na hii moto haitashika mbao huko chini?" Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mama, tofali haiungui. Si hata tanuri hujengwa na tofali?" Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli tofali haiungui, nani hajui hivyo.

Sasa hapo ndipo nataka kila mtu anayepanga kujenga asome polepole. Tofali haiungui lakini joto linapita ndani yake. Inalichelewesha tu. Makaa yakiwaka vizuri yanapita digrii 600, treya ya chuma inalipokea joto lote na kulisukuma chini, tofali inalinywa taratibu, na wewe ukigusa upande wa nje baada ya saa moja unaona ni vuguvugu tu unafurahi. Joto bado liko safarini. Linafika kwa mbao masaa mengi baadaye, mara nyingi wakati nyama imeisha, wageni wameenda na nyinyi mmelala. Na mbao zilizobanwa chini ya mota hazina hewa ya kuzipoza, kwa hivyo joto likifika hapo linakaa.

Kuna jambo la pili hata sikuwa nimewahi kulisikia. Mbao mpya zinahitaji joto kama la digrii 250 hadi 300 ndio zishike moto, lakini mbao ile ile ikipikwa pikwa kila wikendi kwa miezi, hata kwa joto dogo kuliko hilo, inakauka mpaka ndani, inageuka rangi, inaanza kuwa makaa bila moto kuonekana, na ikifika hapo inaanza kufuka kwa joto la chini sana kuliko mbao mpya. Ndio maana mtu anakwambia "nimechoma nyama hapa mwaka mzima na hakuna kitu imefanyika". Huo mwaka mzima ndio ulikuwa unaikausha.

Kwetu ilichukua miezi minne. Tulijengewa Agosti, tukatumia karibu kila Jumapili. Mwezi wa kumi na moja nilianza kusikia harufu kila Jumatatu asubuhi, si harufu ya moshi, ni kama ya penseli iliyochongwa halafu ikaachwa kwa jua. Nikafikiri ni mafuta ya nyama yameingia kwa mbao. Nikasugua na Omo na maji moto, nikaendelea na maisha. Kama kuna kitu kimoja najutia ni hapo, kwa sababu ile harufu ilikuwa inaniambia kila kitu.

Tarehe 12 Desemba, Jamhuri Day, tulichoma mbuzi mzima. Makaa yalianza saa tano asubuhi mpaka saa moja usiku, tukiongeza tu. Usiku saa tisa mtoto wangu wa pili akaja kuniamsha, "Mum, kuna moshi kwa jikoni." Nikatoka nje nikaona moshi unapanda katikati ya mbao za deki, mwembamba, mweupe, hakuna mwale wa moto hata mmoja, na jiko lenyewe juu limepoa kabisa mpaka naweza kuweka mkono. Nilisimama hapo sijui nimwage maji wapi. Tulitoa watoto kwanza kupitia mlango wa mbele, mume wangu akaanza na ndoo, jirani akaruka na mtungi wake wa kuzima moto wa poda, tukapiga poda yote pale kati ya mbao, moshi ukaisha. Tukashukuru Mungu. Saa kumi na mbili asubuhi ukaanza tena.

Hapo ndipo nilijifunza kwamba moto wa kufuka ndani ya mbao haumalizwi kutoka juu. Poda inaua mwale, haipozi mbao, na huko ndani makaa yanaendelea kula. Lazima ufungue ufikie mahali penyewe na umwage maji mengi mpaka kupoe. Mume wangu akatafuta mtaimbo akang'oa mbao tatu, na tukaona boriti ya chini ya jiko imekuwa nyeusi, imeliwa nusu, ukiibonyeza na kidole inavunjika kama makaa ya gunia, na ile naironi imeyeyuka ikashikana na udongo. Mita moja na nusu tu kutoka hapo ni ukuta wa jikoni na mlango wa mbao. Tulimwaga maji ya tenki karibu yote, na mnajua wenyewe maji ya Lang'ata yanakuja siku gani.

Kuhusu wale watu, niliwatumia picha siku hiyo hiyo. Jibu likaja kesho yake kwamba tuliweka makaa mengi kupita kiasi. Nikauliza kiasi ni ngapi na waliandika wapi. Meseji imesomwa, jibu sijapata mpaka leo. Ndio nyota 1, na hiyo moja ni ya deki.

Sasa mzee. Huyu ni mtu wa miaka sitini na kitu, amejenga majiko ya mahoteli kwa miaka mingi, haongei sana. Alikuja Januari, nikamkaribisha chai akasema kwanza aone. Akalala kifudifudi na tochi akaangalia chini ya deki dakika kama kumi, akatoka akajipangusa vumbi akaniambia, "Mama, hawa walijenga jiko juu ya kuni." Halafu akaniuliza kama nina jiko la makaa la kawaida ndani, lile la Kamukunji la bati na udongo. Nikaleta. Akanionyesha, huu udongo wa ndani ndio unakutana na moto, na kati ya udongo na bati wameweka simiti iliyochanganywa na vamikulaiti, ile ya punje nyepesi zinang'aa, na hata hivyo hata na hayo yote hakuna mtu anaweka hili jiko juu ya kapeti na kulala. Nilielewa kila kitu kwa hiyo dakika moja kuliko ile koteshen ya kurasa nne ya wale wa kwanza.

Alichofanya ni hiki. Alibomoa jiko lote. Akakata deki, akatoa kipande cha mraba kabisa na kupunguza boriti, zile zilizokatwa akazifunga kwa boriti nyingine ya kuvuka ili deki isilegee. Akachimba msingi kwa udongo wenyewe, akachapa zege, akapandisha nguzo ya mawe ya mashine kutoka chini mpaka juu ya deki. Jiko linasimama kwa miguu yake, deki inasimama kwa miguu yake, hazigusani mahali popote. Kati ya mawe na mbao ameacha nafasi wazi, inchi 2 pembeni na inchi 4 nyuma, na aliponiambia hizo namba nilienda kuangalia nikakuta ndizo kanuni za ujenzi za nyumba za Marekani zinadai kati ya mbao na jiko la mawe la kuotea moto, kwa hivyo mzee hakutoa kichwani tu.

Na hiyo nafasi haijazwi kitu. Mimi nilitaka aweke mota iwe nadhifu, akakataa kabisa, akasema hewa inayopita hapo ndiyo inafanya kazi, ukijaza umerudisha daraja la joto. Juu ya nafasi ameweka shiti ya chuma iliyokunjwa, imefungwa upande wa jiko peke yake na upande wa mbao inaelea bila kugusa, ili majani na makaa yasianguke huko ndani. Kila mwezi naifungua nafagia.

Ndani ya jiko ameweka matofali ya moto, yale meupe meupe ya tanuri, na simiti yake maalum ya moto, kwa sababu simiti ya kawaida joto kali linaivunja nguvu inakuwa unga. Chini ya hayo matofali kuna safu ya zege ya vamikulaiti kama kwa jiko la Kamukunji, halafu ndio slabu. Na akanikataza kuwasha moto mkubwa mara ya kwanza, tulingoja wiki tatu ikauke, halafu siku kadhaa moto mdogo mdogo, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya zege au jiwe yakichemka ghafla yanatafuta njia na vipande vinaruka. Pia alikataa mawe ya mtoni niliyokuwa nimependa kwa urembo, kwa sababu hiyo hiyo.

Mbele ya jiko ndipo mimi sikuwa nimefikiria hata kidogo. Makaa huanguka mbele, ukigeuza nyama, ukikoroga, mtoto akigonga wavu. Ametoa mbao kwa inchi 16 mbele na inchi 8 kila upande akaweka slabu iliyofunikwa na mawe ya Mazeras, iko sawa na deki huwezi kujikwaa, na tayari kuna alama tano au sita nyeusi hapo ambazo zingekuwa zimechoma mbao.

Pagola aliiondoa upande wa jiko. Ile shedi neti ni plastiki, mafuta ya mbuzi yakidondoka kwa makaa mwale unaruka juu kwa sekunde moja, na ikishika inadondoka vipande vinavyowaka juu ya watu walio chini. Mume wangu alilalamika kuhusu jua, sasa anavaa kofia.

Gesi ndiyo ilinikasirisha zaidi nilipoelewa. Ile kabati ya kwanza ilikuwa imefungwa pande zote, na ndani ningeweka mtungi wa kilo 13 chini ya moto wa makaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikaenda zake, inashuka, inajaa kwenye kabati, inapita katikati ya mbao inakaa chini ya deki kama maji kwenye karai, ikingoja kaa moja lianguke. Wakazi wa Nairobi tuliona kwa mlipuko wa Embakasi Februari 2024 gesi iliyovuja inaweza kufanya nini, na najua ule ulikuwa mzigo wa gari zima na si mtungi wa nyumbani, lakini tabia ya gesi ni hiyo hiyo. Mzee alisema chagua, makaa au gesi, si vyote kwa shimo moja. Tukachagua makaa, kabati sasa ni ya kuweka sufuria tu. Kwa wale mnaotaka gesi kwa deki, kabati iwe na matundu chini kabisa yanayotoka nje kwa hewa wazi, si chini ya deki, na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwa viungo vya paipu uangalie kama kunatoka mapovu. Usiangalie na kiberiti, tafadhali, bado kuna watu wanafanya hivyo.

Vitu vingine alivyoniachia ni vya tabia. Majivu yanaenda kwa debe la chuma lenye kifuniko, na debe linakaa kwa udongo, si kwa deki, kwa sababu kaa lililofunikwa na majivu linaweza kuwa hai siku nzima na zaidi hata kama juu ni baridi. Sisi zamani tulikuwa tunayamwaga kwa ndoo ya plastiki ya takataka asubuhi yake. Treya ya mafuta inaoshwa kila mara, na mafuta yakishika moto hatumwagi maji, tunafunika au tunarusha mchanga, kuna ndoo ya mchanga hapo kando. Vipande vya zile mbao za zamani alinikataza kuvitumia kama kuni za choma kwa sababu zimepigwa dawa na dawa nyingine zina arseniki, na kusema ukweli nilikuwa nimeshaanza kuvipanga kando ya jiko.

Tumenunua mitungi miwili ya kuzima moto pia, mmoja wa maji kwa ajili ya mbao na mmoja wa poda uko jikoni, na mpira wa maji umeunganishwa kwa tenki unafika mpaka chini ya deki. Namba 999 na 112 ziko kwa friji, lakini hesabu gari la zimamoto likitoka Tom Mboya Street lipite trafiki ya Lang'ata Road, dakika za kwanza ni zako peke yako.

Bei ya mzee ilikuwa 94,000 na vifaa, matofali ya moto ndiyo yalikula sehemu kubwa. Nyota 4 badala ya 5 kwa sababu alichelewa siku tisa bila kupiga simu, na alipokata mawe na mashine hakufunika kitu, vumbi liliingia mpaka kwa vitanda vya watoto, mtoto wangu mdogo ana pumu na ilibidi tumpeleke kwa shangazi yake siku mbili. Nilimwambia na akaomba msamaha vizuri, lakini wengine mkimpata mtu wa aina hiyo mwambieni mapema amwagie maji akikata.

Nikiulizwa swali moja la kumuuliza fundi kabla ya kulipa deposite, ni hili: jiko litasimama juu ya nini? Akisema juu ya deki, kwa namna yoyote ile, hata akitaja tofali, hata zege, hata shiti ya chuma, mshukuru umtafute mwingine. Na kama tayari umejengewa, usingoje harufu. Choma nyama kama kawaida, halafu masaa manne au matano baada ya makaa kuzima ingia chini ya deki uguse boriti iliyo chini ya jiko na kiganja. Kama ina joto, acha kutumia hilo jiko kuanzia siku hiyo.

Mimi hufanya hivyo kila Jumapili usiku, watoto wananishikia tochi. Juzi Pasaka tulichoma kutoka saa nne mpaka jioni, watu ishirini na kitu, na saa sita usiku nikaingia huko chini boriti ilikuwa baridi na ina umande. Mzee bado ana deni langu la kifuniko cha chuma cha kuzibia makaa tukimaliza, alisema kinachomelewa Kariobangi, na kikija nitarudi kuongeza hapa kama kinatoshea.